Galoni Saba za Ndege ya Uthiru

Sajini Isaiah Were alitumbukiza kijiti kirefu ndani ya tangi la ndege iliyoanguka, akakigusisha chini kabisa, kisha akakivuta polepole. Kilitoka kikavu. Akakigeuza, akatumbukiza upande wa pili. Kikavu vilevile.

Akalizunguka tangi akilipapasa kwa viganja. Lilikuwa limebonyea upande mmoja, lakini halikupasuka mahali popote. Majani ya napia yaliyokuwa chini ya injini yalikuwa mabichi, na udongo haukuwa na doa. Ndege iliyoanguka na mafuta huwaka, au angalau huyamwaga. Hii haikuwaka wala haikumwaga.

"Mzee Kinyanjui, hebu niambie tena," Were alisema. "Uliisikia?"

Kinyanjui ndiye mwenye shamba hilo la Uthiru. Siku ya Jumanne alikuwa akikata majani ya ng'ombe wake, hatua mia moja tu kutoka mahali ilipoangukia.

"Niliisikia ikija kutoka huko Bonde la Ufa, inanguruma vizuri," alisema. "Halafu ikakohoa. Mara moja, mara mbili, basi. Ikanyamaza. Nikaangalia juu, nikaiona inakuja kimya, kimya kabisa, afande. Nikakimbia kwa sababu nilijua itawaka. Nikalala chini hapo kwa mtaro, nikangoja moto. Moto haukuja."

"Saa ngapi hiyo?"

"Kengele ya chai ya pale maabara ya mifugo ilikuwa ndiyo imelia tu. Inalia saa nne na robo."

Were akaandika: *saa nne na dakika ishirini, au pungufu kidogo*. Rubani, Mwingereza aliyeitwa Dacre, alikuwa ameruka saa moja kamili kwenda kunyunyizia nzige dawa. Alikuwa angani kwa muda wa saa tatu na dakika ishirini. Alikufa akiwa amebakiza dakika kumi hivi kufika nyumbani.

Lakini Were hakutumwa kuchunguza kifo. Wakubwa walikuwa wameshaamua kwamba wanajua kilichomuua Dacre: fundi wa kujaza mafuta, Mkamba mmoja aitwaye Muthama, alikuwa ameiba galoni saba. Huo ulikuwa mwaka wa hamsini na tano, hali ya hatari ikingali kali, na petroli iliyopotea ilihesabiwa kuwa imekwenda msituni kwa wapiganaji. Kesi ya namna hiyo ilimfikisha mtu kwenye kitanzi. Inspekta Pelham alikuwa amempa Were mpaka saa sita mchana wa siku hiyo ya Alhamisi apate ungamo kutoka kwa Muthama.

Were akapanda pikipiki yake.

*

Alifika uwanja wa ndege wa Nairobi West saa mbili kasoro dakika chache. Bwana Crowther, mhandisi mkuu wa kampuni ile ya kunyunyizia nzige, alikuwa amesimama juu ya ngazi, anajaza mafuta kwa mikono yake mwenyewe katika ndege nyingine, pacha wa ile iliyoanguka. Zilikuja pamoja wiki tatu zilizopita, ndani ya makasha, kutoka Amerika. Petroli ikapanda mpaka mdomoni mwa tangi, ikafurika kidogo ubavuni. Crowther akafunga kifuniko, akamwinulia kidole gumba rubani aliyekuwa ameketi ndani.

"Hii itarudi," alimwambia Were kwa Kiingereza, huku akishuka. "Nimejaza mwenyewe. Kajiado, kazi, na kurudi. Muda wa saa tatu na dakika arobaini na tano."

Ndege ikanguruma, ikakimbia, ikanyanyuka. Were akatazama saa yake kwa mazoea ya kazi: saa mbili kamili.

Ofisini Crowther alimfungulia kitabu kinene kilichokuja pamoja na ndege hizo, akaweka kidole kwenye mstari. "Tangi linachukua galoni arobaini. Injini inakunywa galoni kumi kwa saa. Hilo nimelipima mwenyewe hapa, kwa pampu yetu, si la kusimuliwa. Arobaini gawanya kwa kumi ni ngapi, Sajini?"

"Nne, bwana."

"Saa nne. Dacre alihitaji tatu na nusu." Akalisukuma mbele daftari la pampu. "Jumatatu jioni tangi lilikuwa limekaushwa kabisa, kwa sababu bomba lilikuwa linavuja. Muthama akaambiwa alijaze. Tazama aliandika nini."

Mwandiko ulikuwa safi, wa mtu anayejivunia kujua kuandika: *galoni 33*.

"Mita ya pampu inasema nini?"

"Inasema thelathini na tatu na theluthi. Kwa hiyo alipiga galoni thelathini na tatu, akamwambia rubani tangi limejaa, na saba akazipeleka anakokujua yeye."

"Kama angetaka kuiba, bwana," Were aliuliza taratibu, "si angeandika arobaini?"

Crowther akalifunga daftari. "Si kazi yangu kujua mwizi anafikiri nini."

"Na geji ya mafuta, iliyo ndani ya ndege?"

"Geji za ndege ndogo zinadanganya. Marubani wetu wanaamini saa ya mkononi."

"Kabla ya Jumatatu, tangi hilo liliwahi kujazwa likiwa kavu?"

"Hapana. Tulikuwa tunaongezea tu. Safari zilikuwa fupi."

Were akaandika na hilo pia, ingawa hakujua bado litamfaa nini.

*

Katika chumba cha mahabusu, Muthama alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mwembamba, kucha zake zimejaa weusi wa girisi usiotoka kwa sabuni. Alikuwa amewahi kutengeneza malori ya jeshi Burma.

"Nimekuja kukuuliza jambo moja tu," Were alisema, akachuchumaa mbele yake. "Ulijuaje tangi limejaa?"

"Ilimwagika, afande." Muthama akainua mkono wake wa kulia. "Ilimwagikia hii mkono, mpaka kwa kiwiko. Nikafunga pampu. Nikaangalia mita, nikaandika ile kitu mita inasema. Mimi siwezi kuandika arobaini kama mita inasema thelathini na tatu."

"Hukushangaa? Kitabu kinasema arobaini."

"Kitabu sijaonyeshwa. Mimi naonyeshwa tangi."

"Na debe la petroli lililokutwa nyumbani kwako?"

"Petroli hakuna. Harufu ndiyo iko. Muulize mke wangu, mama Nduku, yeye ndiye anaoshea nguo zangu."

Katika miaka tisa ya kazi Were alikuwa amesikia uongo wa kila aina, na uongo mwingi ulikuwa na maelezo mengi. Mtu huyu alikuwa na jambo moja tu, na analirudia: ilimwagika. Kama ilimwagika, tangi lilijaa. Kama lilijaa kwa galoni thelathini na tatu, basi tangi la galoni arobaini halikuwa la galoni arobaini.

Au galoni haikuwa galoni.

Wazo hilo lilimjia kama upuuzi, akalitupa.

*

Nyumba ya Muthama ilikuwa chumba kimoja cha mabati nyuma ya maduka ya Dagoretti Corner. Kavata, mkewe, alikuwa uani akifua. Alipoona sare alisimama wima, mikono inadondosha povu.

"Hodi, mama. Sikuja kuchukua mtu."

"Wenzako nao walisema hivyohivyo."

"Waliondoka na debe."

"Waliondoka nalo. Ni debe la kulowekea ovaroli zake. Ovaroli ya mtu wa petroli itanuka nini, bwana askari, waridi?" Akaonyesha kwa kidevu. "Ndugu yake ni hilo hapo. Yote mawili alinunua siku moja kwa Wahindi, matupu. Nachotea maji."

Were akalisogelea. Lilikuwa debe la kawaida, la mraba, kama yanavyoonekana katika kila ua wa Nairobi: watu wanapimia mahindi, wanachotea maji, wanaezekea paa. Mtoto wa shule yeyote angekwambia debe ni galoni nne. Were mwenyewe alilijua hilo tangu utotoni Butere, kabla ya kujua kusoma.

Akaliinamisha ili aone chini yake. Maji yakamwagika miguuni mwake, hakujali. Chini ya kutu kulikuwa na maandishi yaliyogongwa kwenye bati lenyewe kiwandani. Akayasugua kwa kidole gumba. Kulikuwa na namba, kisha herufi mbili zilizoliwa na kutu, kisha neno *GALLONS*.

Namba haikuwa nne. Ilikuwa tano.

"Mama," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza, "hili debe unalijaza maji ya galoni ngapi?"

Kavata akamtazama kama mtu aliyepatwa na homa. "Debe ni galoni nne. Kwani mahali mnafundishwa uaskari hamfundishwi hata hiyo?"

"Nakuomba niliazime."

"Chukua. Mmemchukua mwenyewe, mtashindwa na debe?"

*

Mtaa wa Bazaar kulikuwa na duka dogo la mafuta mazuri na udi, na mwenye duka alikuwa mzee kutoka Lamu aitwaye Munir. Kabla ya kuja Nairobi, Mzee Munir alikuwa karani wa ghala bandarini Kilindini kwa miaka ishirini. Vitu vya kupimwa kwa pishi, kwa ratili, kwa galoni na kwa lita vilikuwa vimepita mikononi mwake kutoka kila upande wa dunia. Were alimfahamu kutokana na kesi moja ya zamani ya udi wa bandia.

Aliingia debe likiwa begani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeacha uaskari, umekuwa mchukuzi wa maji?"

Were akaliweka juu ya kaunta, chini juu. "Debe hili ni galoni ngapi?"

Mzee Munir hakuhitaji hata kuvaa miwani. Aligusa zile herufi mbili zilizoliwa na kutu, akatabasamu. "Hizi zilikuwa U na S. Debe la Amerika. Mafuta ya taa yalikuja hivi, mawili mawili ndani ya kasha la mbao. Galoni tano za kwao. Huku tukaliita galoni nne, na hatukukosea sana. Ni nne na sehemu ya sita."

"Galoni zao ni nyingine?"

"Ah! Hukujua?" Mzee akasimama. "Njoo huku nyuma."

Kwenye meza ya chumba cha nyuma aliweka vyombo vitatu. Cha kwanza kilikuwa kopo la bati la galoni moja lililoletwa na mafuta ya mitambo kutoka Amerika. Cha pili kilikuwa kipimo cha shaba cha galoni moja chenye muhuri wa taji la Mfalme, cha halali ya serikali. Cha tatu kilikuwa bilauri ndefu ya kioo, imechorwa mistari midogomidogo, ambayo aliitumia kupimia manukato yaliyomfikia kutoka Ufaransa.

Akalijaza kopo la Kimarekani maji mpaka ukingoni. Kisha, kwa mkono usiotikisika, akayamimina yote ndani ya kipimo cha shaba.

Were akachungulia. Maji yaliishia chini ya ukingo, na juu yake palibaki nafasi ambayo kikombe cha chai kingeingia, na kingine, na kingine tena.

"Galoni imeingia ndani ya galoni," alisema Mzee Munir, "na nafasi imebaki."

"Maji yamepungua wapi?"

"Hayakupungua, mwanangu. Hata tone. Jina ndilo limebadilika." Akaivuta bilauri. "Sasa tumwite shahidi asiye Mwingereza wala Mmarekani."

Akaanza kuyamimina maji kwenye kioo kupitia faneli, lita moja baada ya lita, akihesabu kwa sauti ya chini kama anayesoma uradi. Lita moja. Mbili. Tatu. Ya nne haikujaa. Maji yalisimama kwenye mstari wa mia saba themanini na tano. Kisha akakijaza kipimo cha shaba mpaka ukingoni, akapima upya. Lita nne kamili, na juu yake mililita mia tano arobaini na sita.

Jua la dirishani lilipita katikati ya kioo, likaitupia meza mstari mweupe unaotetemeka, na Were aliutazama asiweze kuondoa macho. Miaka yote alikuwa ameamini kwamba kipimo ni kitu kilichosimama, kama mlima. Watu wanaweza kudanganya, kipimo hakidanganyi. Kumbe watu wawili waaminifu wangeweza kuapa mbele ya hakimu juu ya maji yaleyale, mmoja aseme tano, mwingine aseme nne na kitu, na wote wawili wawe wamesema kweli.

"Subhana," Mzee Munir alisema polepole, naye akitazama. "Nimefanya kazi hii miaka mingi, na kila nikipima hivi najiona kama nimeanza leo."

Were akafungua daftari lake. Ndege na kitabu chake vilitoka Amerika; pampu ya uwanjani ilipima galoni za Kiingereza. Arobaini ya Amerika ni tano mara nane. Kila tano ni nne na sehemu ya sita za Kiingereza. Nne na sehemu ya sita, mara nane.

Thelathini na tatu na theluthi.

Akaitazama namba hiyo. Ilikuwa ileile ya mita ya pampu, bila kuzidi wala kupungua. Hakukuwa na galoni saba. Hazikuwahi kuwapo. Muthama alilijaza tangi mpaka likammwagikia mkono.

Kisha akagawanya kwa kumi. Saa tatu na dakika ishirini. Ndio muda ambao Dacre alikuwa angani Kinyanjui aliposikia injini ikikohoa.

"Mzee, saa ngapi?"

"Tano kasoro dakika kumi."

Ndege ya pili iliruka saa mbili kamili. Crowther mwenyewe alikuwa ameijaza mpaka mdomoni, na rubani wake alikuwa akiamini ana mafuta ya saa nne.

"Simu! Nani ana simu hapa?"

*

Ilikuwa kwa mwuza vitambaa, mlango wa tatu. Were alizungusha namba mara mbili kabla ya kupata uwanja wa ndege, na dakika moja nzima ikapita kabla ya Crowther kushika simu.

"Bwana, ni Sajini Were. Mrudishe rubani wako sasa hivi. Mafuta yake yatakwisha saa tano na dakika ishirini."

"Umelewa, Sajini? Nimejaza mwenyewe."

"Ndiyo, bwana. Na limejaa kweli. Lakini kujaa kwake ni galoni thelathini na tatu."

"Unanifundisha mimi galoni?"

Were akavuta pumzi. Alijua akibishana, ndege itaanguka kabla hawajamaliza. "Bwana, sikufundishi. Naomba ufungue kile kitabu, mstari ule wa tangi. Kabla ya neno galoni kuna herufi mbili. Naomba unisomee."

Akasikia karatasi zikipekuliwa, kwa hasira. Kisha zikatulia.

"U. S.," Crowther alisema.

"Pembeni yake hawakuandika lita?"

"Mia moja hamsini na moja."

Crowther alikuwa amepigana Ufaransa wakati wa vita, lita alizijua. Kwenye waya Were alisikia pumzi za mtu anayepiga hesabu, zikaenda, zikasimama.

"Mungu wangu," Crowther alisema kwa sauti ndogo sana. Kisha simu ikagonga meza, na Were akasikia viatu vikikimbia kuelekea kwenye redio.

*

Alipofika uwanjani saa tano na robo, watu wote walikuwa nje. Makarani, mafundi, mpishi wa kantini na aproni yake, wote nyuso juu, kuelekea vilima vya Ngong. Crowther alisimama peke yake, kofia mkononi.

"Amepokea?" Were aliuliza.

"Amepokea. Alikuwa mbali."

Wakangoja. Saa tano na dakika kumi na nane doa dogo likatokea juu ya vilima, na nyuma yake mlio. Mtu mmoja akaanza kushangilia, mwingine akamnyamazisha. Doa likawa msalaba, msalaba ukawa ndege. Were alikuwa ameshika saa yake, wala hakuitazama.

Mlio ukakohoa.

Ukakohoa tena, ukakatika. Katika kimya hicho walisikia ndege wadogo wa porini wakiimba kwenye majani, na wakayaona mapanga ya mbele ya ndege yakizunguka taratibu, taratibu zaidi, mpaka yakasimama kabisa. Ndege ilikuja kama kitu kinachoshushwa kwa uzi. Ilipita juu ya uzio, chini sana, hata Were akauona uso wa rubani umekaza. Magurudumu yakagusa majani, yakaruka, yakagusa tena. Ikakimbia hatua mia mbili, ikasimama.

Hakuna aliyesogea. Mpishi alikuwa amepiga magoti.

Crowther ndiye aliyetembea kwanza. Alipanda juu ya ubawa, akafungua kifuniko, akatumbukiza kijiti. Alikitoa, akakitazama kwa muda mrefu, halafu akamgeuzia Were ili aone. Kilikuwa kikavu.

Saa sita kamili, ndani ya banda la ndege, Were alimweleza Inspekta Pelham kila hatua, akiwa ameweka mezani debe la Kavata na kipimo cha shaba cha Mzee Munir. Pelham alisikiliza bila kukatiza. Mwishowe alisema, "Crowther alihitaji mtu wa kumlaumu, na mimi nikampa." Akaomba simu, akaagiza mahabusu aletwe uwanjani.

Muthama alishuka kwenye gari la polisi akisugua vifundo vya mikono. Mafundi wenzake walimzunguka, wakampa mkono mmoja mmoja. Were alimweleza kwa maneno machache habari ya galoni mbili na lita, na fundi alisikiliza huku ameinamisha kichwa.

"Kwa hivyo Bwana Dacre," alisema baadaye, "hakuna mtu alimuua."

"Hakuna."

"Hesabu tu."

"Hesabu tu, Muthama."

Muthama akatikisa kichwa polepole. "Aliniaga vizuri ile asubuhi. Aliniambia nisalimie watoto."

Crowther alikuwa amekuja karibu. Akabaki amesimama hapo, mtu mzima mwenye mvi, asijue mikono yake aiweke wapi.

"Unaweza kwenda nyumbani," Were alimwambia Muthama. "Mama Nduku anangoja. Gari litakupeleka."

"Nitaenda, afande. Ngojeni kidogo."

Akaingia ndani ya banda, akarudi na kopo la rangi nyekundu na brashi nyembamba. Akaweka ngazi ubavuni mwa ndege, akapanda, akafuta vumbi kandokando ya kifuniko cha tangi kwa mkono wa shati lake. Wote waliokuwa pale walimtazama. Kwa mwandiko uleule safi wa kwenye daftari la pampu, bila haraka, akaandika *33*.

Akasimamisha brashi, akamwangalia mhandisi aliyekuwa chini.

"Bwana," aliuliza, "na ile ya lita ni ngapi?"

Crowther akamwambia, naye akaandika.